Pensheni ya Uingereza ukirudi Kenya: ni haki ibaki palepale miaka yote?

Wadau, nawauliza hasa mliofanya kazi Uingereza, na wenye wazazi huko wanaowaza kurudi nyumbani.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi Uingereza zaidi ya miaka 35. Alistaafu 2016, akarudi Mombasa. Mwaka huo pensheni kamili ya serikali ilikuwa paundi 155.65 kwa wiki. Mwenzake wa zamu moja, aliyebaki kulekule, kuanzia Aprili 2025 alilipwa 230.25. Shangazi bado anapata 155.65. Kwa viwango hivyo pengo ni karibu paundi 3,900 kwa mwaka, na kwenye mishahara yao walikuwa wakikatwa michango ileile.

Sheria ndiyo inayosema hivyo. Anayeishi Uingereza, kila Aprili pensheni yake hupandishwa kwa kufuata kilichopanda zaidi kati ya bei na mishahara, na nyongeza haipungui asilimia 2.5. Aliyehamia Kenya, Tanzania, Kanada au Australia hapati nyongeza hata senti. Aliyehamia Marekani, Ufilipino au Morisi anaipata, kwa sababu nchi hizo zina mikataba na Uingereza. Na shangazi akirudi kuishi kule, anapandishiwa hadi kiwango cha sasa. Mtu ni yuleyule, michango ni ileile!

Binamu yangu anapinga. Anasema mfumuko wa bei wa London haumhusu anayenunua unga soko la Kongowea, Mombasa, tena paundi leo inaleta shilingi nyingi kuliko 2016. Ni hoja nzito, nikaipigia hesabu. Kweli shilingi zimeongezeka, lakini bei nchini Kenya kwa jumla zimepanda zaidi ya nusu tangu wakati huo, na paundi haikupanda kiasi hicho mbele ya shilingi. Shangazi ana daftari la matumizi, lile la mistari lenye jalada gumu. Ukurasa wa 2016 dawa za presha zina mstari mmoja. Siku hizi dawa, vipimo na bima ya afya vinajaza nusu ukurasa, na huku hana zile hospitali za bure alizozitumikia ujana wake wote.

Wengine wanasema zaidi ya laki moja kwa mwezi ni pesa ambayo Wakenya wengi hawaioni, basi ashukuru. Hilo nalikataa kabisa. Haombi sadaka. Alichangia kila mwezi kama wenzake, na kila mwaka anaokaa huku, kile alichokichangia kinanunua kidogo zaidi.

Najua Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2010, kwa majaji 11 dhidi ya 6, kwamba Uingereza haikuvunja haki za wastaafu hawa. Sawa. Ila mahakama haikuizuia Uingereza kuwalipa nyongeza. Bunge lao linaweza kubadilisha sheria hii, na serikali yetu nayo inaweza kudai mkataba. Sijasikia wabunge wetu wakilisimamia jambo hili, ilhali fedha hizo zingetumika hapahapa.

Wanaotetea utaratibu huu, msinijibu kwa gharama peke yake. Nielezeni: kwa nini aliyestaafu Morisi aongezewe, na aliyestaafu Mombasa anyimwe?