Tanini kwa watoto wa nguruwe: kiasi gani, na majani yanafaa?

mfugaji_kalungu
Habari zenu. Nina watoto wa nguruwe 40, naachisha ziwa wiki ya 6. Siku chache baadaye wanaanza kuhara na uzito unashuka. Wanakula pumba za mahindi, soya, mukene (dagaa wakavu), chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Dukani kuna unga wa tanini, ile kemikali chungu ya mimea, ya mti wa chestnut. Niweke kiasi gani kwa kilo 100? Na majani ya kaliandra tunayowapa ng'ombe si yana tanini vilevile?

daktari_wa_banda
Ssebo, gramu 100 hadi 200 kwa kilo 100, kama lebo inasema tanini ni karibu asilimia 75. Anza na nusu yake siku chache kabla ya kuachisha, maana ni chungu na wakiikuta ghafla watasusa. Wiki 3 au 4 baada ya kuachisha zinatosha.

Usiimwage juu ya rundo. Changanya na kilo 1 ya pumba laini, kisha kilo 10, ndipo uingize kwenye chakula chote na kugeuza kwa koleo mara kadhaa. Ikikaa mahali pamoja, mmoja atakula nyingi na mwingine atakosa.

Tanini hushika protini. Kwa kiasi kidogo inakaza utando wa utumbo na kubana bakteria wa kuhara. Ikizidi inashika protini ya soya yako na vimeng'enya vya kumeng'enyea: kinyesi kinakuwa kikavu na cheusi, ukuaji unadorora. Pia inashika madini ya chuma (ndiyo maana ikigusa bati lenye kutu hugeuka nyeusi kama wino). Kwa hiyo sindano ya chuma, miligramu 200 siku ya 3, usiiruke.

mchanganya_pumba
Kaliandra hapana. Tanini yake ni ya aina nyingine, nyingi, na hubadilika kwa umri wa jani na msimu. Huwezi kuipima kwa mizani. Ng'ombe ana tumbo la kuchachushia, mtoto wa nguruwe hana, na nyuzinyuzi zile zitamjaza tu.

Ukiongeza mtama kwenye mchanganyiko, hesabu tanini yake pia. Rangi ya nje inadanganya: kwangua ganda la punje, ukikuta tabaka la kahawia chini yake, weka mtama huo kando kwa wakubwa.

daktari_wa_banda
Kabla ya kununua unga, chunguza mukene. Ulioanikwa mchangani huja na mchanga na bakteria, na hapo kuhara hakutakwisha kwa tanini. Soya je, imekaangwa? Mbichi inazuia umeng'enyaji wa protini, tena inaharisha.

Wakiwa na homa, masikio mekundu na vifo vya ghafla, tanini si dawa. Funga banda, usiuze wala kuhamisha hata mmoja, mwite afisa wa mifugo wa wilaya: homa ya nguruwe haina tiba.

mfugaji_kalungu
Soya naisaga mbichi.

mchanganya_pumba
Basi kaanga kwanza. Tanini baadaye.