Hollywood walimkalia August Wilson mpaka akafa, leo mnawapongeza?

Wakuu, nimechoka na hizi pongezi. Kila tukizungumzia waandishi weusi wa Marekani, lazima mtu aje kuwashukuru Hollywood kwa kumpa August Wilson heshima kupitia filamu ya Fences, iliyotokana na tamthilia yake. Heshima gani? Filamu imetoka 2016. Mwenyewe alifariki Oktoba 2005 kwa saratani ya ini!

Tamthilia hiyo ilimpa tuzo za Pulitzer (ya uandishi) na Tony (ya jukwaani) mwaka 1987, studio ya Paramount wakanunua haki za kuifanya filamu. Wilson akaandika muswada wa filamu kwa mkono wake, akang'ang'ania sharti moja: mwongozaji awe mweusi. Mwaka 1990 akatoa makala akaeleza sababu zake hadharani. Alitaka mtu aliyelelewa ndani ya maisha yale, asiyehitaji kusimuliwa. Wakaona bora kazi ioze kabatini.

Na mnaowatetea, mmeisoma lakini? Mhusika mkuu, Troy Maxson, ni mzoa taka Pittsburgh, miaka ya 1950. Anamuuliza bosi wake kwa nini wazungu ndio wanaoendesha magari na weusi ndio wanaobeba mapipa. Rafiki yake anahofia kibarua kitaota nyasi, lakini Troy anapewa usukani. Yaani mzoa taka wa kwenye hadithi kapewa gari, aliyemtunga kanyimwa hata kumchagua dereva! Hii ndiyo inaniuma kuliko yote.

Tena si mtu wa kubahatisha huyu. Aliacha shule akiwa na miaka 15 baada ya mwalimu kudai insha yake kuhusu Napoleon si yake, akajisomea maktaba. Akaja kuandika tamthilia kumi, kila moja na muongo wake wa karne ya 20. Mwaka 1990 akabeba Pulitzer ya pili kwa The Piano Lesson. Walitaka awathibitishie nini tena?

Alipokuja kuongoza Denzel Washington, mweusi kama Wilson alivyotaka, filamu ikapata uteuzi wa Oscar mara nne na mwigizaji Viola Davis akaondoka na tuzo. Wilson naye akateuliwa kwa muswada wake, miaka 11 yuko kaburini.

Msiniletee habari za ukumbi wa maonyesho wa Broadway, New York, wenye jina lake, huo ni wa watu wa jukwaani. Nataka anayewashukuru Hollywood anijibu: kuanzia 1987 mpaka 2005, Marekani nzima ilikosa mwongozaji mweusi mmoja wa kukabidhiwa kazi hii?