Tupeane uzoefu: mkeka wa kikapu cha vyuo Marekani huchanika wapi raundi ya kwanza?

Mleta mada: Wakuu, Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza ya NCAA (mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu Marekani) ndizo zinazochana mikeka mingi, yaani karatasi za kubashiri washindi wa mechi zote. Mechi 32, yaani 16 kila siku. Tuweke mbinu hapa, zile za "mimi nilijua tu" tuziache.

Naanza na saa. Machi Wamarekani wameshasogeza saa mbele, kwa hiyo pwani yao ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa saba. Mechi ya kwanza huanza kwao mchana, kwetu ni kama saa moja na robo usiku. Za mwisho zinaanza karibu saa kumi na moja alfajiri. Anayelala saa nne amekosa zaidi ya nusu ya siku.

Mdau wa 2: Msidharau Dayton, mji wa Ohio. Tangu timu zilipokuwa 68 mwaka 2011, kuna mechi nne za mchujo pale Jumanne na Jumatano. Mwaka huohuo wa kwanza chuo cha VCU kilianzia Dayton kikafika nusu fainali. Timu iliyopita pale imeshachangamka, wakati mpinzani wake hajacheza kwa siku kadhaa. Jazeni mkeka Jumatano usiku, si Jumapili droo ikitoka tu.

Mdau wa 3: Kosa kubwa ni kuangalia namba ya timu (1 ndiyo kigogo, 16 ndiyo mnyonge) bila kuangalia kasi yake. Virginia ya 2018 ilikuwa namba 1 ya mashindano yote, lakini ilicheza taratibu mno. Sasa fikirieni: mashambulizi yakiwa machache, mnyonge anahitaji mitupo michache tu iingie ili abaki mchezoni. Mapumziko ilikuwa 21-21 dhidi ya chuo cha UMBC, namba 16. Kipindi cha pili UMBC wakafunga 53, mwisho 74-54. Mitupo ya pointi tatu iliyoingia: UMBC 12 kati ya 24, Virginia 4 kati ya 22. Timu ya mwendo wa kobe ikiachwa pointi 12 haina gia ya kurudi. Halafu De'Andre Hunter wa Virginia alikuwa nje, kavunjika kifundo cha mkono. Hiyo taarifa ilikuwa hadharani kabla ya mechi, watu hawakusoma.

Purdue ya 2023 ni ugonjwa mwingine. Senta wao Zach Edey, sentimita 224, alifunga 21 na rebaundi 15, na bado walilala 63-58 kwa Fairleigh Dickinson (waliotokea Dayton, mdau wa 2 yuko sahihi). Walimbana Edey mbele na nyuma, pembeni wakaacha watupaji wajaribu. Purdue ikaingiza mitupo ya pointi tatu 5 kati ya 26. Ukiona timu inategemea senta mmoja, kagua kwanza wanaomlisha mpira.

Mdau wa 4: Hapo kwenye senta, Watanzania tuna mfano wetu. Hasheem Thabeet akiwa senta mrefu wa UConn (chuo cha Connecticut), namba 4, 2008 walitolewa na San Diego, namba 13, 70-69 muda wa nyongeza. Siku hiyo pale Tampa mechi zote nne zilichukuliwa na namba 12 au 13! Mwaka uliofuata UConn hiyohiyo, sasa namba 1, ikaitwanga Chattanooga 103-47. Kwa hiyo urefu peke yake usiupigie mstari.

Mdau wa 5: Kwa wanawake jazeni kwa tahadhari zaidi. Timu 16 za juu huandaa raundi mbili za kwanza nyumbani kwao, ndiyo maana vigogo huanguka kwa nadra. Harvard kuipiga Stanford 71-67 mwaka 1998, tena kwa Stanford, ni maajabu kweli, ila Stanford ilikuwa imepoteza nyota wawili kwa majeraha.

Mleta mada: Asanteni. Naongeza moja ya dakika za mwisho, kwa wanaume. Hesabuni faulo za timu, si za mchezaji tu. Kuanzia ya 7 hadi ya 9 katika kipindi, aliyefanyiwa akikosa mtupo huru wa kwanza hapati wa pili. Kuanzia ya 10 ndipo anapewa miwili moja kwa moja. Timu inayoongoza kwa pointi 4 huku mtupaji wake dhaifu ndiye anashikilia mpira bado haijashinda. Na mkiruka chaneli, rukeni saa ya mchezo ikishuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4: mpira ukisimama tu, matangazo yanaingia.

Mdau wa 2: Hiyo ya chaneli naiba, mkuu.