Roboti yetu inagonga ukuta huku ikiandika SAMAHANI. Nimekosea wapi?

MwalimuTanga
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, hapa Tanga. Kila Jumatano baada ya vipindi nabaki na watoto 14 wa darasa la tano na la sita. Tuna roboti mbili ndogo za magurudumu. Ubongo wake ni micro:bit, ile kadi yenye taa nyekundu 25 zilizopangwa tano kwa tano, na tunaipangia kazi kwa bloku za MakeCode. Hakuna kuandika kodi ya maneno. Mtoto anaburuta bloku, zinashikana, anapakia kwenye kadi kwa kebo, basi.

Watoto wamekubaliana kwamba roboti iwe na adabu. Njia ikiwa nyeupe, taa zichore uso wa kucheka. Ikikaribia ukuta isimame, iandike SAMAHANI, irudi nyuma, igeuke. Nimepanga yote ndani ya bloku moja ya foreva, ile ya buluu inayozunguka bila kukoma:

Soma umbali. Kama uko chini ya sentimita 15: onyesha maandishi SAMAHANI, simamisha mota, rudi nyuma, geuka. La sivyo: onyesha uso wa kucheka, nenda mbele.

Kwenye kompyuta, ile micro:bit iliyochorwa pembeni inaonyesha kila kitu sawasawa. Sakafuni mambo ni mengine. Roboti inakwenda moja kwa moja hadi ukutani, inausukuma, magurudumu yanateleza palepale, na juu yake herufi zinapita taratibu, S, A, M, A... Ikimaliza neno ndipo inarudi nyuma. Binti mmoja wa darasa la tano, ndiye aliyelichagua neno hilo, ameniuliza: "Mwalimu, mbona inaomba samahani na bado inasukuma?" Sikuwa na jibu la kumpa. Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wanakuja kuona kazi za watoto. Naombeni msaada.

FundiWaya
Pole mwalimu. Anza na betri. Mota zikivuta umeme mwingi, kadi inabaki na njaa na kila kitu kinachelewa. Weka mpya ujaribu tena.

MwalimuTanga
Nimeweka mpya leo mchana, kaka. Hali ni ileile.

BintiPwani
Asalaam aleikum mwalimu. Betri zikichoka dalili yake huwa nyengine: kadi hujizima na kuanza upya. Kama unataka uhakika, weka alama ya moyo kwenye bloku ya mwanzo, ile inayofanya kazi mara moja tu. Ukiuona moyo unapowasha halafu usiuone tena, betri hazina kosa. Ukitokea tena katikati ya safari, hapo kweli mota zinaipokonya kadi umeme.

Lakini kwa ulivyoeleza, kosa liko kwenye mpangilio. Bloku ya maandishi haimpi mwenzake zamu mpaka herufi ya mwisho iishe kupita. Maandishi husogea safu moja ya taa kila milisekunde 150, na kila herufi huchukua safu 6 pamoja na nafasi yake. SAMAHANI ina herufi 8. Piga hesabu: 8 mara 6 mara 150, ni milisekunde 7,200, yaani sekunde 7 na kitu. Muda wote huo mota bado zimeshika amri ya zamani, "nenda mbele", kwa sababu mota ikishaambiwa izunguke itazunguka mpaka iambiwe vyengine. Nawe amri ya kusimama umeiweka baada ya maandishi.

Ipandishe juu. Kwanza simama, kisha neno. Kompyuta haiwezi kukuonyesha kosa hili, maana ile kadi ya kuchora haina magurudumu wala ukuta.

Mkongwe_wa_Kodi
Mimi ningesema achana na bloku kabisa. Waingize Python, lugha ya kuandika kodi kwa maneno, shida zote hizi zitaisha.

BintiPwani
Haziishi, kaka. Python ya micro:bit nayo ikisogeza maandishi husubiri mpaka yaishe, usipoikataza. Mtoto akiielewa zamu kwenye bloku, ataikuta ileile kwenye Python. Waache wana wa darasa la tano waburute bloku zao.

MwalimuTanga
Dada, Mungu akubariki. Nimejaribu kwa saa ya mkononi: neno linachukua sekunde 7 kamili na ushee. Nimehamisha bloku ya kusimama ikawa ya kwanza, na sasa haisukumi tena. Ila katika majaribio 10, mara 4 bado imegusa ukuta kidogo kabla ya kusimama. Kihisi umbali hakina shida, nimekipima kwa rula. Kuna nini tena?

MsomajiThika
Mwalimu, salamu kutoka Thika. Mimi pia nafunza watoto, na hili lilinisumbua muhula mzima. Tazama ule uso wa kucheka. Bloku ya kuonyesha picha iliyo tayari nayo husubiri, milisekunde 600 kila ikiitwa. Ile ya kuwasha taa mwenyewe moja moja kwenye kijedwali husubiri 400. Kwa hivyo kila mzunguko roboti yako inatembea ikiwa imefumba macho kwa zaidi ya nusu sekunde. Inakwenda kasi gani?

MwalimuTanga
Inapita kigae kimoja cha sentimita 40 kwa sekunde, karibu sawasawa.

MsomajiThika
Basi kwa milisekunde 600 imeshatembea sentimita 24. Nawe unaiambia isimame ikiwa chini ya 15. Ikisoma 20 tu, inaona bado ni salama, inachora uso, na ikifumbua macho iko ukutani.

Fanya hivi. Tengeneza kigeu kimoja, yaani kisanduku cha kuwekea namba, kiite hali. Tumia foreva mbili. Ya kwanza iwe ya miguu: inasoma umbali, inaendesha mota, inaandika hali ni 1 (njia nyeupe) au 2 (ukuta karibu), kisha inapumzika milisekunde 20. Hiyo pumziko foreva huileta yenyewe kila mwisho wa mzunguko, ndiyo inayompa mwenzake nafasi. Ya pili iwe ya uso peke yake: inatazama hali, na inachora tu ikiwa imebadilika. Uso ukisubiri, miguu haisubiri.

Na ukitaka watoto wauone umbali wenyewe, usitumie bloku ya kuonyesha namba. Tarakimu moja itatulia, lakini 23 au 104 itasogea kama maandishi na kukuchelewesha. Kwenye kundi la bloku za taa kuna ya kuchora mihimili, unaipa umbali na kiwango cha juu, taa zinapanda na kushuka papo hapo bila kusubiri.

FundiWaya
Nami nimejifunza hapa. Mwalimu, kwa nini msiandike POLE badala ya SAMAHANI? Herufi 4, muda unakatika nusu.

MwalimuTanga
Niliwapelekea wazo hilo leo, kaka. Yule binti amekataa katakata. Amesema pole anaambiwa aliyeumia, samahani anasema aliyekosa, na roboti ndiyo iliyokosa. Wenzake wote wakamuunga mkono, nami nikaona ana haki.

Sasa niwaambie tulivyomaliza. Foreva mbili zimefanya kazi, majaribio 20 bila kugusa ukuta hata mara moja. Ile hesabu ya sentimita 24 niliiandika ubaoni bila jibu, nikawaacha waifanye kwenye daftari. Walipoipata waliguna darasa zima. Kisha wakauchora uso wa huzuni kwenye karatasi ya miraba, tano kwa tano: macho mawili mstari wa pili, mdomo wa taa tatu mstari wa nne, na pembe mbili za chini. Huo ndio unaowaka ukuta ukikaribia.

Na neno halikufa. Binti amelihamisha mwishoni: roboti inasimama, inarudi nyuma, inageuka, inasimama tena, ndipo inaandika SAMAHANI yote, herufi zote 8, ikiwa imetulia. Sekunde 7 hizo hakuna gurudumu linalozunguka. Nilimuuliza kwa nini asiiweke kabla ya kurudi nyuma. Akasema, "Kwanza aondoke mguuni mwa mtu, mwalimu."

Jumamosi tunaonyesha hivyohivyo.