Naomba ushauri: jinzi ipi inamfaa mwenye mapaja manene?
Ndugu wanajamvi, naomba mnisaidie kuelewa mitindo ya jinzi, kwa sababu nina kiuno cha inchi 32 na mapaja manene, na kila suruali inayopita mapajani huacha pengo kiunoni kwa nyuma, linaloingia ngumi nzima. Jumamosi, kwenye soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, nilijaribu Levi's 501 yenye vifungo badala ya zipu na miguu iliyonyooka, kisha 511, mtindo mwembamba zaidi, iliyonibana hadi nikashindwa kuchuchumaa, ingawa zote zina lebo ya W32 L32 (kiuno inchi 32, urefu wa mguu inchi 32). Muuzaji alidai hiyo 511 itaachia nikiivaa (wauzaji hawakosi neno). Je, ninunue yenye kiuno kikubwa fundi cherehani aipunguze, au nitafute iliyo pana mapajani na inayopungua kuelekea vifundoni?