Mtumbwi wa kujenga nyumbani: papi za mwerezi au plaiwudi ya kushona?

KafiMoja (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Nataka kujenga mtumbwi wa watu wawili, urefu mita 4.9 hivi, wa kupigia kafi ziwani na kwenye mto usio na maporomoko. Nina sehemu yenye paa, randa ya mkono, drili, na uvumilivu ambao mke wangu anadai haupo.

Nimechuja hadi zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni papi za mwerezi: vipande vya unene wa mm 6 na upana wa mm 19, unavilaza kimoja kimoja juu ya kalibu (mbao zinazoupa mtumbwi umbo), unavigandisha kwa gundi, halafu unavalisha faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo) na epoksi (resini ya kuchanganya na kigandishi) nje na ndani. Ya pili ni plaiwudi ya mm 4: unaikata kwa ramani, unaishona kwa vipande vya waya wa shaba, unajaza kona kwa epoksi.

Tafadhali msiniambie "inategemea". Aliyejenga aseme angechagua ipi, na kwa nini.

RandaKali
Nimejenga yote miwili, wa kushona kwanza, wa papi baadaye. Kwa mtu wa mara ya kwanza nasema shona.

Wa plaiwudi ulinichukua saa 80 hivi. Wa papi nilipofika saa 250 niliacha kuhesabu, na bado vanishi ilikuwa haijaguswa. Kwenye uzito usitegemee tofauti kubwa. Mitumbwi ya kipimo chako kwa njia zote mbili huangukia kilo 20 na kitu, na anayeongeza kilo mara nyingi ni fundi mwenyewe kwa kumwaga resini ovyo.

Tofauti ya kweli ni umbo. Plaiwudi inakubali kupinda upande mmoja tu. Ukiipinda kwa urefu haitaki tena kupinda kwa upana, kwa hiyo mtumbwi unatoka na pembe ubavuni. Papi ni nyembamba, kila moja inajipinda na kujisokota kivyake, ndiyo maana unapata tumbo la mviringo na omo (pua ya mtumbwi) inayokata maji bila kelele. Mawimbi yakija ubavuni utaihisi tofauti hiyo. Maji yakitulia, huihisi.

Jambo moja wengi wanalisahau kwenye plaiwudi: ubao wake una mita 2.4, mtumbwi wako una 4.9. Lazima uunganishe kwa kuchonga mshazari mara 8 ya unene, yaani mm 32 kwa ubao wa mm 4. Hapo ndipo mikono mingi hutetemeka.

BibiMsasa
RandaKali nakuheshimu, ila unamtisha mgeni kwa saa 250. Saa hizo zinagawanyika. Kulaza papi ni kazi ya jioni: unaweka mbili upande wa kulia, mbili wa kushoto, unafunga, unakwenda kulala. Kosa la papi moja unalirekebisha kwenye inayofuata. Kosa la plaiwudi ni kwamba umeshakata ubao mzima.

Mimi nilianza na papi moja kwa moja, bila kujua useremala wa maana. Unahitaji benchi refu lililonyooka, kalibu zimesimamishwa kila sm 30, na uzi wa kupimia katikati. Ukikosea kusimamisha kalibu, kila kitu juu yake kitakosea nazo. Wiki mbili zangu za kwanza ziliishia hapo na sijuti.

Halafu watu wanadhani mwerezi ndio unaobeba nguvu. Mafundi wa Peterborough kule Kanada, karne ya 19, walijenga mitumbwi ya papi isiyo na faibaglasi, na walilazimika kuweka mataruma (mbavu za mbao) mengi ndani ili isifumuke. Sisi hatuweki mataruma kwa sababu mbao zimebanwa katikati ya ngozi mbili za faibaglasi. Jiwe likigonga nje, ngozi ya ndani ndiyo inayovutwa na kutaka kupasuka. Kwa hiyo yeyote atakayekushauri uruke faibaglasi ya ndani upunguze uzito, mpite. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita moja ya mraba, nje na ndani, kinatosha kabisa.

Ngamani
Naomba kuuliza la kijinga. Kwa nini epoksi? Resini ya poliesta inapatikana kirahisi na inakauka haraka. Mashua kibao zimejengwa nayo.

RandaKali
Si la kijinga, nililifanya mwenyewe kwenye kiti cha mtumbwi ili nijaribu. Miezi michache baadaye nilibandua kitambaa kwa ukucha. Poliesta inafaa pale chombo kizima ni faibaglasi, lakini juu ya mbao haishiki kama epoksi. Mbao hupumua, huvimba na kusinyaa, na poliesta ni ngumu isiyojinyumbua. Harufu yake nayo, kama unajenga chini ya paa moja na watoto, ni kesi nyingine.

BibiMsasa
Niongezee kwa KafiMoja, maana mitumbwi mingi mizuri huharibikia hapa kwenye epoksi.

Pima uwiano kama ilivyoandikwa kwenye kopo, usikisie. Ukiongeza kigandishi ukidhani itakauka haraka, utabaki na kitu kinachonata milele. Kwenye poliesta unaweza kucheza na kigandishi kidogo, kwenye epoksi hapana. Changanya kidogo kidogo. Ikikaa nyingi kwenye kikombe inajipasha moto yenyewe, na nimewahi kuona kikombe kikitoa moshi.

Paka jioni, joto likiwa linashuka. Asubuhi mbao zinapopata joto, hewa iliyomo inapanuka na kutoka, inakuachia mapovu chini ya kitambaa. Kitambaa kikilowa vizuri kinapotea machoni, unaona mwerezi tu. Ukiona weupe, pana njaa ya resini. Ukiona kinaelea na kung'aa, umezidisha. Vuta kwa kipangusio cha mpira. Baada ya hapo tabaka mbili nyembamba kujaza nyuzi, na kabla ya msasa osha kwa maji, kwa sababu epoksi nyingi hutoa utelezi kama nta juu yake na msasa utausambaza badala ya kuuondoa.

Na vanishi si urembo. Jua linaila epoksi. Chagua vanishi yenye kinga ya jua na uirudie inapofifia.

KifuaChepesi
Mnazungumza msasa kana kwamba ni unga wa ngano. Mwerezi mwekundu wa magharibi, ambao kwa kweli si mwerezi bali ni wa ukoo mmoja na misaipresi, una asidi kwenye vumbi lake inayoweza kusababisha pumu. Mimi nilianza na mafua yasiyoisha, nikayapuuza, sasa nikiingia kwenye karakana yenye mwerezi kifua kinabana ndani ya nusu saa. Barakoa ya kuchuja vumbi, siyo kitambaa, tangu papi ya kwanza.

Epoksi nayo: ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa hakuna kurudi nyuma. Vaa glavu. Ikikushika mkononi tumia sabuni na maji, usijisugue kwa kiyeyushi, maana kinaiingiza ndani zaidi.

KafiMoja
Asanteni sana, KifuaChepesi pole. Naona moyo unaegemea papi, hasa kwa hilo la kosa moja kurekebishwa na papi inayofuata. Maswali mawili. Kingo za papi nizichonge kwa rauta (mashine ya kuchonga kingo), upande mmoja ubonyee na mwingine uvimbe ili zikae ndani kwa ndani, au niziache mraba? Na pini za stepla, nizitumie au nisitumie?

RandaKali
Sawa, nimeshindwa kura. Basi fanya vizuri.

Kingo za rauta zinaharakisha kulaza, hasa kwenye mviringo wa tumbo. Ila zinakula mbao: mbonyeo unameza mm 3 hivi za kila papi, kwa hiyo papi ya mm 19 inafunika mm 16 tu. Ubavu hadi ubavu kupitia chini ukiwa na mita 1.3 unahitaji papi kama 70 za mraba, lakini za rauta zitapita 80. Midomo ya mbonyeo pia inavunjika ukiishika vibaya. Mimi naziacha mraba, kila papi naipitisha randa kidogo ili ilale kwenye mwenzake. Randa unayo tayari.

Hesabu pia mdomo wa msumeno. Meno ya mm 3 kwa papi ya mm 6 maana yake theluthi ya ubao wako inageuka vumbi, lile lile la KifuaChepesi. Tafuta msumeno wenye meno membamba.

Pini: tumia. Kujenga bila pini kunawezekana kwa mikanda, klampu na gundi ya moto, lakini utaweka papi mbili kwa siku na kutukana. Vitundu vya pini vinakaa kwenye mstari ulionyooka kila penye kalibu, na baada ya vanishi hakuna anayeviona isipokuwa wewe.

BibiMsasa
Na mimi ndiye niliyejenga bila pini. Nilitukana, kweli. Lakini nikiutazama leo sioni nukta hata moja. KafiMoja, kwa mtumbwi wa kwanza msikilize RandaKali.

KafiMoja
Imekwisha: papi za mraba, randa, pini, epoksi, barakoa. Kabla sijakata ubao wa maana, nataka kutengeneza kipande cha majaribio cha sm 30 kwa 30, papi zimegandishwa na faibaglasi pande zote mbili. Ni kupoteza muda?

BibiMsasa
Hapana, ni siku nzuri kuliko zote utakazotumia. Kiache wiki nzima kikomae, kisha kivunje gotini na ubandue kitambaa kwa koleo. Kikitoka na nyuzi za mwerezi zimeng'ang'ania, endelea. Kikitoka safi na kung'aa, usiguse mtumbwi; rudi hapa utuambie ulichanganyaje.

Ngamani
Weka na picha, hasa ya goti.