Naambiwa nimeezeka nyumba kwa hela za kwaya. Nikae kimya au nijibu?

MamaMigebuka (mwanzisha uzi):
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasio wa imani yangu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Niko Kigoma mjini, nauza dagaa Kibirizi. Kanisani kwetu (sitalitaja) ni mweka hazina wa kwaya ya akina mama, mwaka wa tatu huu. Aprili tulikubaliana kushona sare mpya. Tuko 23, kila mmoja akatoa 40,000, jumla 920,000. Wachache walileta mkononi, wengi walituma kwenye simu yangu. Mama anayetuletea vitenge kutoka Kongo nikampa 600,000 ya kuanzia, ikabaki 320,000 ya fundi. Akasema wiki mbili. Leo ni Julai na kitenge hata kimoja sijakiona.

Hapohapo mimi nikaezeka. Nyumba yangu ya vyumba viwili imekaa miaka minne bila paa, nyasi zimeota sebuleni. Mwezi wa sita zamu yangu ya upatu ikafika, nikanunua mabati. Na wote mnajua ziwa limefungwa tangu Mei 15, hakuna kuvua mpaka Agosti 15. Kwa hiyo mtaa mzima unajua kwamba mama huyu dagaa hana. Basi watu wakapiga hesabu: dagaa hana, bati katoa wapi?

Kuna dada mmoja, tumeimba naye sauti ya pili benchi moja miaka mingi, akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Wengine sare zetu wamezipandisha juu ya nyumba." Hakutaja jina, na hakuhitaji. Watu wakajaza vikatuni vya kucheka. Jumapili iliyofuata napewa mkono wa ncha za vidole. Mwanangu wa darasa la tano kaulizwa na mwenzake bombani kama ni kweli mama yake ni mwizi. Hapo ndipo nilipolia.

Mume wangu anasema niingie kwenye grupu niwamwagie yote. Mama mchungaji anasema ninyamaze, Yesu hakumjibu Pilato hata neno moja. Nimenyamaza siku kumi na moja sasa, usingizi sina. Najiuliza, hiki kimya changu ni cha Kristo au cha woga? Nishaurini.

Fundi_wa_Paa:
Pole sana mama. Ila hongera ya bati kwanza. Mji huu ukiezeka lazima kuna mtu atapata homa. Geji ngapi?

MwanaMaombi:
Dada usijibu lolote. Funga siku tatu, soma Zaburi 37 mpaka uimalize. Imeandikwa ataitokeza haki yako kama nuru. Ukianza kujitetea, Mungu atakaa pembeni akuangalie.

Mzee_wa_Gungu:
Marahaba binti yangu.

Mama mchungaji hakukosea, ila habari ya usiku ule ni ndefu kuliko alivyokusimulia. Kabla ya kufikishwa kwa Pilato, Bwana alipelekwa kwa Anasi. Huko mtumishi mmoja alimpiga kofi, na hakunyamaza. Alimtaka aonyeshe ubaya aliousema, na kama hakuna ubaya, kofi ni la nini? Soma Yohana 18:23. Hata Pilato mwenyewe alijibiwa alipouliza habari za ufalme. Alipoacha kujibu ni pale penye mashtaka ya watu waliokwisha kuamua auawe.

Tena mwangalie Paulo kule Filipi. Alichapwa bakora bila hukumu, akatiwa gerezani. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma neno kwamba atoke, aende zake. Akakataa, akataka waje wenyewe wamtoe. Mimi naona hakuwa anatafuta heshima yake. Nyuma yake kulikuwa na waumini wachanga nyumbani kwa Lidia, na wangebaki wakiitwa wafuasi wa mhalifu.

Sasa rudi kwako. Mtu akisema una sura mbaya au unajidai, mpite. Lakini hizi hela si zako, ni za wenzako. Mweka hazina akiulizwa hesabu hana ruhusa ya kunyamaza, hata aliyeuliza akiwa ameuliza kwa matusi. Paulo alipobeba mchango wa watu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alikwenda na ndugu wengine ili asiwepo wa kumlaumu (2 Wakorintho 8, mstari wa 20 na 21). Wewe ulikuwa na nani?

Msemakweli_Mwanga:
Nina swali, usinikasirikie. Hiyo "simu yangu" ndiyo hiyohiyo ya biashara ya dagaa? Na ile 320,000 leo iko yote?

MamaMigebuka:
Nimelisoma swali hili tangu saa mbili usiku, najibu sasa saa tano.

Laini ni moja. Na 320,000 leo ipo yote. Lakini niseme kweli kwa kuwa hapa hamnijui. Mwezi wa sita mwanzoni nilitoa 150,000, nikanunua madumu mawili ya mawese Mwandiga, nikauza rejareja. Baada ya siku tisa nikairudisha, haikupungua hata mia. Sikuiba, ila niliizungusha. Hajui mtu, hata mume wangu.

Fundi_wa_Paa:
Duh.

Msemakweli_Mwanga:
Ahsante kwa kuwa muwazi, wengi wangenitukana. Basi una mambo mawili, usiyafunge kamba moja. Habari ya bati ni uongo. Habari ya kuchezea hela ya kwaya ni kweli, ingawa anayekusema hata haijui. Ukienda kujisafisha kwa lile la kwanza ukalificha la pili, siku mtu akifungua miamala yako hata la bati hutaaminiwa tena.

Mnyamwezi_wa_Isevya:
Nakuandikia kutoka Tabora, na nakuandikia kwa sababu nimepita hapohapo ulipo. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Ikasemwa nimeuza mifuko kumi na minne ya saruji. Saruji ilikuwa stoo kwa fundi, maana pale kanisani palikuwa panavuja. Nikanyamaza. Nikajiambia Bwana atanitetea, na kusema kweli kilichoniziba mdomo kilikuwa kiburi: mimi niulizwe saruji na vijana niliowabatiza juzi? Nilikaa hivyo miezi saba. Mungu alikuja kunitetea kweli, kwa risiti iliyokuwa kwenye droo yangu muda wote. Lakini vijana wawili walikuwa wameshaacha kuja ibadani. Mmoja hajarudi mpaka leo, nikikutana naye stendi ananiamkia tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiingie kwenye grupu. Grupu halina masikio, lina macho tu. Nunua kaunta buku, andika majina 23, nani alilipa lini, na yale 600,000 yalitoka tarehe gani. Nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, omba taarifa ya miamala tangu Aprili. Mama wa vitenge akupe maandishi, akikataa mwambie akutumie hata sauti. Halafu nenda nyumbani kwa huyo dada, wewe na yeye tu, Mathayo 18:15 inavyosema. Akikataa kusikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Na unapofika anza na lile lako la mawese kabla ya lake. Ukianza na "umenisingizia" mtaishia mlangoni.

MwanaMaombi:
Mimi bado nasema afunge. Ila sawa, aende na daftari.

Jirani_Ujiji:
Mimi Muislamu, naomba nichangie kidogo. Bi Aisha, mke wa Mtume, alisingiziwa jambo kubwa kuliko hili, akalia sana, na ikapita karibu mwezi mzima kabla ya aya za Surat An-Nur kushuka. Kati ya waliomsema alikuwemo jamaa mmoja masikini aliyekuwa akilishwa na baba yake Aisha, Abubakari. Abubakari akaapa kumkatia msaada. Aya ikaja kwamba asifanye hivyo, asamehe. Nakwambia hili kwa sababu huyo dada bado mtakutana naye sokoni. Kama ulikuwa unamkopesha dagaa, usikate.

Wakili_wa_Mtaani:
Kwa watakaokuja kusema "mfungulie kesi": ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kinagusa kusambaza taarifa za uongo. Lakini hajataja jina, na wewe ukiulizwa chini ya kiapo utayasema hayo ya mawese. Piga picha ule ujumbe, uhifadhi, basi. Kutumia sheria si dhambi, Paulo alikata rufani kwa Kaisari. Kwa ugomvi wa ndugu wa kanisa moja, huyohuyo Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani. Anzia chini.

MamaMigebuka:
Narudi na mrejesho, leo siku ya nne.

Nilianza kwa mume wangu. Akanyamaza, nikadhani ndoa imekwisha. Kisha akauliza, "Mawese yalilipa?" Nikacheka huku nalia.

Jana jioni nikaenda Katubuka kwa yule dada, na daftari langu kwapani. Nimemkuta anaanua muhogo. Hakunikaribisha kiti, nikakaa kwenye kinu. Nikamwambia ya 150,000. Akaacha muhogo, akaniangalia. "Kwa hiyo nilikuwa na haki." Nikamjibu, kwa hilo ndiyo, kwa bati hapana, na kiongozi wa upatu yupo, kamuulize. Hakuniomba msamaha, akasema yeye hakutaja jina la mtu. Nikainuka niage. Ndipo akasema ile 40,000 yake aliikopa, ilikuwa ya sare ya shule ya mtoto, na mpaka leo mtoto anavaa iliyopauka kwa sababu alitaka asionekane hana mbele yetu. Miaka yote hiyo naimba naye sikujua. Sikuwa na la kusema. Tukaanua muhogo uliobaki.

Sijui kama tumepatana. Salamu leo asubuhi ilikuwa ya mkono mzima.

Jumapili baada ya ibada nasoma daftari mbele ya kwaya, pamoja na ya mawese. Nimeomba laini ya kwaya iwe ya peke yake na tuwe wawili wa kuishika. Wakitaka kunitoa, wanitoe. Mama wa vitenge anasema mzigo uko Kalemie. Hilo amelisema mara tatu.

Swali dogo: Jumamosi duka la mtandao pale mjini wanatoa taarifa ya miamala, au mpaka siku za kazi?

Fundi_wa_Paa:
Jumamosi wapo, wahi asubuhi, foleni si ya kitoto. Na bado hujaniambia geji ngapi.

MamaMigebuka:
Geji 30, mkuu. Rangi ya udongo.